Nukta Nyekundu Chini ya Chupa

Nianze kwa kusema ukweli, maana msusi wangu ameshawapa wateja nusu yake, na nusu yenyewe si ile inayonipendeza. Nilikuwa na wivu. Si wivu wa biashara, ingawa biashara nayo iliniuma. Ulikuwa wivu wa mtoto. Binti yangu wa pekee alikuwa anaolewa, na uso wake siku ya harusi ulikuwa unakwenda kupambwa na mwanamke mwingine, jirani yangu wa ukuta mmoja, ambaye mwaka mmoja kabla ya hapo hakujua hata kama mimi nina mtoto.

Mimi nina saluni, mwaka wa ishirini na mbili sasa. Viti vitatu, draya mbili, na sinki la kuoshea nywele lililopasuka pembeni, nikauziba ufa wake kwa rangi ya kucha. Mabibi harusi waliopita mikononi mwangu siwezi kuwahesabu. Yuko niliyempamba akiwa na homa, yuko aliyelia mpaka wanja ukamfika kidevuni, yuko ambaye bwana harusi alibadili mawazo akiwa njiani, na mimi niliyempamba ndiye niliyemfuta. Kila nilipomaliza mmoja nilijiambia: haya ni mazoezi, wangu yuko anakua.

Alikulia humo humo. Alilala kwenye kapu la taulo, akajifunza kutembea kwa kushika miguu ya viti, na alipofika miaka sita alikuwa akiamka na mimi asubuhi kujaza chupa. Hapa lazima niwaeleze jambo ambalo kila mwenye saluni analijua ila halisemi mbele ya mteja. Zile chupa nzuri mnazoziona kwenye rafu hazikuja na vilivyomo. Losheni, shampuu na kondishena tunanunua kwa madumu ya lita tano, tunayaficha kwenye kabati chini ya sinki, na kabla ya kufungua mlango tunajaza chupa kwa faneli. Si wizi. Mteja anapenda chupa nzuri, na dumu halijawahi kumpendeza mtu.

Lakini mimi nina utaratibu wangu. Dumu jipya likifika, kabla halijamgusa mteja napaka kidogo ndani ya mkono wangu wa kushoto, chini ya kiwiko, nasubiri nusu saa. Likiwasha, linarudi lilikotoka hata kama muuzaji ni shemeji yangu. Lisipowasha, najaza chupa, kisha chini ya kila chupa naweka nukta moja ya rangi ya kucha nyekundu. Nukta ile maana yake ni moja: hii nimeijaza mwenyewe, nimeipima kwenye ngozi yangu, na hakuna atakayelia. Mtoto ndiye aliyekuwa akishika saa. Anasimama juu ya kigoda, saa ya babake mkononi, anautazama mkono wangu kama vile anasoma kitabu. Nusu saa ikitimia ananishika kifundo, anaugeuza mkono kwenye mwanga wa dirisha, halafu anatoa hukumu: "Haijavimba, Mama. Weka nukta."

Ikivimba pia alisema. Ukiutazama mkono wangu utaona madoa saba. Moja ni la dawa ya nywele, kubwa kama kifungo cha shati. Na ngozi yake yeye ni yangu hiyo hiyo, ngozi ya hasira. Kinachoniwasha mimi kinamwasha yeye. Akiwa na miaka kumi na miwili alijipaka kwa siri krimu ya mteja, akavimba uso siku tatu hata macho hayaonekani.

Basi akakua, akasoma, akapata kazi. Kazi yenyewe ilikuwa ya kusafisha vizimba kwenye maabara fulani wanakojaribia vipodozi. Miezi minane alikwenda na kurudi, na mimi sikuuliza anafagia nini. Siku moja akaingia saluni saa sita mchana, saa ambayo alitakiwa awe kazini. Alikwenda moja kwa moja kwenye sinki akanawa mikono. Alinawa, akanawa, mpaka msusi akaacha kusuka akamtazama.

"Mama," akasema, "wanawabana shingo kwenye boksi, kinatoka kichwa tu. Halafu wanawatia dawa machoni. Sungura hapigi kelele, unajua? Anakaa kimya tu. Mimi nilidhani wamelala."

Nilikuwa na mteja kitini, dawa iko kichwani, dakika zinakwenda. Nikacheka. Sitafuti kujitetea, nilicheka. Nikasema, "Jamani mwanangu, sungura? Sungura si watu wanamla na wali?" Mteja naye akacheka, akinisaidia.

Binti yangu alinitazama kupitia kioo. Akajifuta mikono kwa taulo, akalitundika taulo vizuri mahali pake, akatoka.

Alitoka kwangu akaingia mlango wa pili. Huko, wiki hiyo hiyo, yule mwanamke alikuwa amefungua duka lake.

Jina la Dada Sungura nilimpa mimi, na sikumpa kwa mapenzi. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu hivi, sauti ya chini mpaka inabidi uiname kumsikia, kucha fupi, na duka jeupe lenye chupa chache zilizoachiana nafasi kama meno ya mtoto. Kila chupa ina alama ya sungura, maana yake hakuna mnyama aliyeteswa ili wewe upendeze. Brashi zake ni za nailoni, si za manyoya. Vyake vyote huja vimefungwa kutoka kiwandani, dumu halijui. Tena anakwambia si kila sungura aliyechorwa ni wa kuaminiwa, wengine wamechorwa kwa urembo tu. Kwa hiyo huwaandikia watengenezaji barua kuwauliza wanajaribu vipi bidhaa zao, na asiyejibu, bidhaa yake haingii dukani.

Na barua hizo aliyekuwa akimsaidia kuziandika ni nani? Binti yangu. Huyo huyo ambaye nilimwomba mara ngapi anipangie daftari la wateja, akaniambia kichwa kinamuuma.

Siku ile mimi nilicheka, mwenzangu alisikiliza. Hilo tu ndilo lililotokea, na nililijua, na kulijua hakukunisaidia. Niliwasikia wakicheka kupitia ukuta. Ukuta wetu ni wa tofali moja, ukizima draya unasikia kila kitu, na mimi nikawa nazima draya kila saa.

"Fundi," msusi ananiambia, "nywele za mteja bado mbichi."

"Acha zipumue."

Msusi wangu hana dogo. "Zinapumua tangu asubuhi," akasema. "Mteja mwenyewe ndiye anakosa pumzi."

Nikaanza kuhesabu mambo madogo. Mwanangu alianza kusema "haswa" kama yule anavyosema "haswa". Akakata kucha fupi. Akatupa sabuni, dawa ya meno na mafuta yetu ya bafuni, akaweka vyenye sungura, akaniandikia kikaratasi kunieleza kimoja kimoja. Kikaratasi! Mimi niliyemzaa naandikiwa kikaratasi, na yule anapewa mdomo mzima. Nilivitumia vile vitu kwa siri, vilikuwa vizuri, na uzuri wake ukazidi kuniudhi.

Halafu akaja mchumba, mwalimu wa hesabu, kijana mtulivu ambaye sina neno naye. Tarehe ikapangwa. Jioni moja, baada ya kufunga, binti yangu akaketi kwenye kiti cha katikati, kile alichokuwa akikizungusha utotoni mpaka anatapika.

"Mama, nina ombi. Usikasirike."

"Sema kwanza, ndipo nijue kama nakasirika."

"Siku ya harusi nataka nipambwe na dada wa jirani."

Nilikuwa nimeshika ufagio. Niliendelea kufagia mahali pale pale.

"Si kwa sababu ya mikono yako," akasema haraka. "Hakuna mikono kama yako. Ni kwa sababu ya vitu vyako, Mama. Nikivipaka usoni nawaona wale. Siwezi kwenda kuolewa nikiwa nawaona wale."

"Vitu vyangu ndivyo vilivyokusomesha."

"Najua. Unadhani hainiumi?"

Nikauliza, kama mtu asiyejali, "Na nikibadilisha?"

Akageuka na kiti chake mzima mzima. "Ukibadilisha? Mama, ukibadilisha nani mwingine atanigusa uso?"

Mtu mwenye akili zake hapo angekwenda kesho yake mlango wa pili, akanunua chupa tisa, mambo yakaisha. Akili ninazo, lakini kichwa kilikuwa kimevimba. Kununua kwa yule mwanamke kwangu kulikuwa ni kumpigia magoti. Na ndani yangu niliamini ni kitu kile kile. Losheni ni losheni. Tofauti ni picha ya mnyama kwenye chupa, na chupa mimi najua kuzijaza.

Dada Sungura alikuwa akipanga chupa tupu kwenye kreti nyuma ya duka, zikisubiri kuchukuliwa. Alfajiri moja nikapita nikachukua tisa. Nikaziosha, nikazikausha kwa draya ndogo, nikatoa madumu yangu na faneli yangu, nikajaza. Losheni, shampuu, kondishena, maji ya kusafishia uso, vyote vyangu vile vile vya siku zote. Nikazipanga kwenye rafu, sungura tisa wamenigeukia. Nilijisikia mjanja kuliko mji mzima.

Binti yangu alipoingia akasimama mlangoni. Alizitazama, akaweka mkoba chini.

"Mama! Umepata wapi?"

"Mjini," nikamwambia. "Kwani sungura wanauzwa mlango wa pili tu?"

Alinikumbatia mpaka miguu yangu ikatoka chini. Alilia begani kwangu, nami nikampigapiga mgongoni nikiitazama ile rafu. Halafu akakimbia kwenda kumwambia mwenzake. Nami nikazima draya.

"Mama amebadilisha vyote!" nikamsikia. "Atanipamba yeye!"

Nikakaza sikio. Nilitaka kusikia yule mwanamke akimeza mate. Nilitaka aumie kidogo tu, hata kama ni kwa kukaa kimya. Akasema, kwa ile sauti yake ya kuinamiwa, "Alhamdulillahi, afadhali. Haswa, Mama ndiye anayestahili." Na alisema kwa roho safi, niliisikia kwa masikio yangu! Hata wivu hana. Mtu wa namna hiyo utamfanya nini?

Jumamosi, wiki moja kabla ya harusi, tukafanya jaribio la mapambo. Msusi alikuwa na mteja wake kwenye kiti cha mwisho. Binti yangu akakaa cha katikati, nikamfunga kitambaa shingoni, nikaanza kumsafisha uso. Mikono yangu iliujua uso ule. Pale nyusi zinapoanza, kovu dogo la tetekuwanga karibu na sikio. Alifumba macho. Kwa dakika kumi nilikuwa mwanamke mwenye furaha kuliko wote, na sikuona haya hata kidogo.

"Inanukia kama ile ya zamani," akasema, macho yamefumbwa.

"Manukato hufanana."

"Nzuri," akasema. Akanyoosha mkono akachukua chupa, maana siku hizo kila chupa lazima aisome nyuma. Akasoma. Halafu akaigeuza juu chini.

Sikujua ameona nini. Nilijua tu kwamba mabega yake yalibadilika chini ya kitambaa. Akaiweka ile chupa mezani, kichwa chini. Akachukua ya pili, akaigeuza, akaiweka karibu na ya kwanza. Ya tatu. Alipofika ya tano ndipo nami nikaona. Chini ya kila chupa, katikati kabisa, nukta nyekundu.

Mkono wangu ulikuwa umeziweka bila kuniuliza. Miaka ishirini na mbili, jaza, weka nukta, jaza, weka nukta. Mwizi mwingine yeyote duniani asingekosea namna hiyo.

Alizipanga zote tisa. Akainuka na kitambaa chake shingoni, akafungua kabati chini ya sinki, akayatazama madumu. Hakuyagusa. Msusi alikuwa ameacha kusuka, kidole kimenasa kwenye nywele za mteja.

"Nukta ni ya chupa uliyoijaza," binti yangu akasema. "Ulinifundisha mwenyewe."

"Mwanangu..."

"Uliponicheka siku ile nilikaa siku mbili nikasamehe. Nikasema Mama hajaona, angeona asingecheka. Lakini hapa ulikaa, Mama. Ulikaa ukajaza moja moja. Tisa."

"Nilitaka kukupamba," nikasema. "Nilitaka nikupambe mimi."

"Ungeniambia hivyo."

Akajifuta uso kwa taulo, akalitundika taulo vizuri mahali pake, akatoka. Safari hii sikuzima draya. Nilijua alikokwenda na sikutaka kusikia.

Msusi alingoja mpaka mlango ukatulia. "Fundi," akasema, "hapo ulimpaka mwanao mafuta kwa mgongo wa chupa."

"Suka," nikamwambia.

Wiki ile nyumbani nilipewa shikamoo. Asubuhi shikamoo Mama, jioni shikamoo Mama, na katikati hakuna kitu. Hakuwa na jeuri. Angekuwa na jeuri ningepata pa kushika. Nilipika akala, akasema asante. Nguo zake za harusi aliwaonyesha mama zake wadogo wakati mimi niko jikoni nawasikia wakishangilia. Usiku nililala chali nikimlaani yule mwanamke, na kila nilipomlaani nilijikuta nimefika kwenye yale madumu.

Asubuhi ya harusi aliacha ujumbe kwa msusi: Mama akipenda, aje dukani saa mbili. Akipenda! Nikavaa gauni langu, nikachukua pochi. Ndani ya pochi, nisiwafiche, niliweka vitu vyangu vyote: poda, wanja, brashi zangu za manyoya. Nilikuwa na tumaini baya. Nilitumaini kitu kiharibike.

Dada Sungura alinipokea mlangoni kwa mikono miwili. "Shikamoo Mama. Karibu, kaa hapa karibu naye." Akanisogezea kiti. Binti yangu alikuwa mbele ya kioo, gauni la ndani, nywele zimebanwa, uso mtupu. Akanisalimia. Nikaitikia. Nikakaa na pochi yangu mapajani kama mgonjwa anayesubiri kuitwa.

Yule mwanamke akafungua kijiboksi, akatoa chupa ndogo ya fondesheni. Ilikuwa mpya, haijafunguliwa. Alieleza kwamba ile aliyomjaribia juzi rangi yake ilimkaa vibaya, akaagiza nyingine, na imefika jana jioni.

Mdomo wangu ukafunguka wenyewe. "Umeipima?"

"Haijapimwa kwa mnyama yeyote, Mama. Barua yao ninayo."

"Sijauliza mnyama. Nimeuliza ngozi ya huyu."

Binti yangu akasema polepole, "Mama, usianze." Lakini yule mwanamke alikuwa ameiweka chupa chini, na uso wake haukuwa na ubishi. "Sikupata nafasi," akasema. "Viungo vyake nimevisoma vyote, ni vya kawaida."

"Kwake vya kawaida ndivyo vinavyomvimbisha. Muulize akiwa na miaka kumi na miwili alionekanaje."

Binti yangu hakuulizwa, akajibu mwenyewe kwa kugusa kope. Kumpima yeye haikuwezekana. Gauni halikuwa na mikono, na doa likitokea lingeonekana na kila mtu. Saa ilikuwa mbili na robo. Wangeondoka saa nne.

Nikafungua kifungo cha mkono wa gauni langu, nikakunja mpaka kwenye kiwiko. "Weka hapa," nikamwambia yule mwanamke. "Nusu saa."

Alinishika mkono ili apake, akayaona madoa. "Mama, hizi ni nini?"

Aliyemjibu ni binti yangu, bila kugeuka, akitazama kwenye kioo. "Hilo kubwa ni la dawa ya nywele, mwaka nilioanza shule. La chini yake ni rangi ya nywele. Yale mawili yanayofuatana ni krimu moja, alirudia kuhakikisha. Hilo refu ni la gundi ya kope." Akayataja yote saba, na mwaka wa kila moja. Nilidhani amesahau.

Dada Sungura akasema kwa sauti ndogo, "Kumbe na Mama naye alikuwa..."

"Ila yeye mkono alikunja mwenyewe," binti yangu akamkata. "Wale hawakuulizwa."

Dada Sungura akapaka tone moja, akalitandaza kwa kidole. Halafu wakahamia chumba cha ndani kumalizia nywele, mimi nikabaki peke yangu na mkono wangu dirishani.

Sasa nitasema lile ambalo msusi hajui. Nilimwomba Mungu iwashe. Nilikaza macho pale nikaomba hasa, kwa maneno. Ikiwasha, yule mwanamke ataaibika, hatakuwa na nyingine ya rangi ile, na mwanangu atageuka aniangalie, nami pochi yangu iko tayari. Dakika tano, kimya. Dakika kumi, kimya. Ngozi yangu, iliyokataa madumu ya watu wakubwa, imelala na ile fondesheni kama mtoto aliyeshiba. Dakika ishirini hata kuchonyota hakuna.

Nikatazama kucha zangu. Kukwaruza mara moja tu kungetosha. Ngozi ya hasira haihitaji zaidi ya hapo, ingevimba palepale, na nani angejua? Nikaweka ukucha juu ya ngozi. Nikaukandamiza. Niliona kijistari kikianza kutokea chini ya ukucha.

"Nusu saa, Mama."

Alikuwa amesimama mbele yangu, simu mkononi inaonyesha dakika, nywele zimeshapambwa, uso bado mtupu. Akanishika kifundo, akaugeuza mkono kwenye mwanga wa dirisha. Ukucha wangu nilikuwa nimeshauondoa, lakini kile kijistari kilikuwepo. Alikitazama kwa muda mrefu kuliko alivyolitazama tone. Mtoto wangu anaujua mkono ule. Angeweza kujiamulia mwenyewe.

Badala yake akaniuliza. "Inawasha?"

Baada ya chupa tisa, aliniuliza mimi. Nikamtazama usoni, ule uso mtupu uliosafishwa na mtu mwingine, nikajua kwamba jibu lolote nitakalotoa atalichukua kama lilivyo, na ataishi nalo.

"Haiwashi," nikasema. "Haikuwasha hata kidogo. Hicho kijistari ni changu. Fondesheni ni nzuri. Ni nzuri kuliko zangu."

Meno yaliniuma kuyasema hayo. Hakunikumbatia, hakulia. Alikipitisha kidole gumba chake juu ya kile kijistari, mara moja, kama anayefuta vumbi.

"Haijavimba, Mama," akasema. "Weka nukta."

Dada Sungura akaleta kisanduku chake cha rangi za kucha. Zote zilikuwa za haya, za waridi na za maziwa, nyekundu hakuna. Nikafungua pochi. Chini ya poda na brashi zangu kulikuwa na kile kichupa changu cha siku zote, nusu kimekauka shingoni. Nikaigeuza fondesheni kichwa chini, nikaweka nukta katikati.

Binti yangu akarudi kwenye kiti, kiti cha yule mwanamke, mbele ya kioo cha yule mwanamke, akainua kidevu. Wivu haukuwa umeondoka. Ulikuwa umekaa pale pale kifuani, na namwambia ukweli huo yeyote anayetaka kunisifu. Dada Sungura akanyoosha mkono kuomba chupa, akasubiri. Hakuniharakisha. Binti yangu naye alisubiri, macho wazi kwenye kioo, yakinitazama mimi, si yule.

Rangi ilikuwa imeshakauka. Nikaipuliza tena kidogo, kisha nikampa.